Begi la mgongoni kwa matembezi ya siku moja: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya anayeondoka asubuhi na kurudi jioni: kuzunguka kreta ya Longonot, vilima vya Ngong, maporomoko ya Materuni na Sanje, msitu wa Magamba kule Lushoto, au Marangu hadi kituo cha Mandara mlimani Kilimanjaro na kushuka. Safari za kulala njiani zimeguswa mwishoni tu.

## Kuchagua begi

Ninunue begi la lita ngapi?

Mtu mzima anayetembea kutwa anatoshwa na begi la lita 20 hadi 28. Lita 15 zinafaa matembezi ya saa mbili au tatu karibu na kijiji, ambako maji ya kununua hayako mbali. Lita 30 hadi 35 ni za mzazi anayebeba na vitu vya mtoto, au kiongozi wa kundi.

Usianze na begi, anza na vitu. Vitandaze sakafuni vyote, maji yakiwa ya kwanza, ndipo uhesabu. Chupa tatu za lita moja huchukua nafasi ya lita tatu na nusu hivi, koti la mvua mbili, sweta nne, chakula tatu, na vidogo vidogo pamoja na dawa mbili. Hapo tayari umefika lita 14 na nusu, na bado hujaacha nafasi ya nguo utakazovua jua likipanda. Ndiyo maana begi la lita 15 linalopendeza dukani hufurika siku ya safari, chupa zikaishia kuning'inia nje na kukugonga nyonga kila hatua.

Begi kubwa kupita kiasi nalo lina shida yake. Vitu vichache ndani ya lita 40 huporomoka chini, uzito ukakuvuta nyuma. Isitoshe, nafasi ikiwepo mtu huijaza.

Nitajuaje kama linanikaa vizuri?

Lipime likiwa na mzigo. Begi tupu hukaa vizuri kwa kila mtu, kwa hiyo mwombe muuzaji akuwekee kilo 5 za kitu chochote (chupa za maji, pakiti za sukari) utembee nalo dakika kumi.

Legeza mikanda yote kwanza. Livae, kisha funga mkanda wa kiunoni ukiwa umekaa juu ya mifupa ya nyonga, usiwe tumboni. Halafu vuta mikanda ya mabegani hadi iguse bega bila kulikandamiza. Mwisho funga wa kifuani, ukiacha nafasi ya kupumua kwa kina. Watu wengi huanza na mabega, na hapo mkanda wa kiunoni haubebi chochote tena.

Sasa angalia. Mkanda ukiacha mwanya juu ya bega, mgongo wa begi ni mrefu kuliko wako. Mkanda wa kiunoni ukipanda tumboni, begi ni fupi. Begi likikugonga makalio unapotembea, aidha ni refu au umelegeza mno. Ukitaka kipimo cha mgongo, inamisha kichwa upapase mfupa unaojitokeza chini ya shingo, kisha mtu akupimie kwa futi ya fundi cherehani kutoka pale hadi usawa wa juu wa mifupa ya nyonga. Watengenezaji wanaotoa saizi hupima hapo hapo.

Wanawake wengi huona raha zaidi kwenye mikanda iliyopinda inayopita pembeni mwa kifua. Anayevaa hijabu au mtandio mrefu alijaribu begi akiwa ameuvaa, kwa sababu kitambaa kikinaswa chini ya mkanda huvuta shingo kila anapogeuka.

Mkanda wa kiunoni ni lazima?

Chini ya kilo 5, hapana. Ule mwembamba kazi yake ni kuzuia begi lisiyumbe tu. Ukibeba lita tatu za maji na zaidi, tafuta mpana wenye sponji. Kwa safari ya siku moja jaribu mzigo wote usizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wako: mtu wa kilo 65 abaki kwenye kilo 6 au 7.

Begi la shule halifai?

Kwa Materuni au kilima cha nyuma ya kijiji, linafaa kabisa. Udhaifu wake uko mahali pamoja: pale mkanda wa bega unaposhonwa juu. Begi la daftari mara nyingi hushonwa kwa mstari mmoja wa uzi, na uzito wa maji unaoruka juu chini kila hatua huufumua. Kabla ya safari mpelekee fundi viatu aongeze mshono wa mraba wenye alama ya X ndani yake, kwa uzi mnene wa nailoni, pande zote mbili. Mwambie pia aunge mkanda mwembamba wa kifuani wenye klipu. Kwa kazi hiyo ndogo begi linapata miaka mingine.

Nikinunua mtumba, nikague nini?

Kwenye masoko ya Gikomba, Karume au Memorial ya Moshi utapata mabegi mazuri kuliko mengi mapya, mradi usikimbilie jina lililoandikwa.

Anza ndani. Ligeuze au ingiza mkono, upitishe kiganja kwenye kitambaa. Kikinata, au kikiacha magamba meupe mkononi, ile tabaka ya kuzuia maji imeoza. Haitengenezeki, na itaendelea kudondokea kwenye chakula na nguo zako. Muuzaji atasema ni vumbi la stoo tu. Futa kwa kitambaa chenye maji: vumbi litatoka, kuoza kutabaki kunanata.

Halafu zipu. Fungua na ufunge mara tatu mwanzo hadi mwisho, ukizingatia kona. Kichwa cha zipu kikilegea fundi atakibadilisha kwa hela ndogo, lakini meno yakiwa yamekatika itabidi abadilishe zipu nzima, na kwenye begi lililopinda hiyo ni kazi kubwa. Vuta mikanda ya mabega kwa nguvu ukitazama mishono kwa ndani. Bonyeza sponji kwa dole gumba: isiporudi, imekufa. Klipu za plastiki zitazame ukizielekeza kwenye mwanga, maana ufa mwembamba au weupe kwenye ulimi wa klipu maana yake itavunjika. Klipu mpya zinapatikana, ila upana wa mkanda upimwe, maana ya milimita 20 haishiki mkanda wa 25.

Harufu ya ukungu huondoka (angalia "Begi linanuka"). Harufu ya mafuta ya taa haiondoki kirahisi, liache.

Rangi ina maana yoyote?

Ndiyo, katika mambo mawili. Mbung'o huvutwa na rangi ya buluu iliyoiva na nyeusi, kiasi kwamba mitego yao hutengenezwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Unakoenda wakiwepo, chagua kaki, kijani hafifu au kijivu. La pili ni mabaka ya kijeshi, na hilo lina jibu lake chini.

## Kupanga vitu

Nibebe maji kiasi gani?

Nusu lita kwa kila saa ya kutembea, na kwenye jua la wazi na mpando hesabu karibu lita nzima. Lita moja ni kilo moja, kwa hiyo maji ndiyo yatakayoamua uzito wa begi lako kuliko kitu kingine chochote.

Chukua Longonot. Kilele kina mita 2,776, na njia ya geti hadi ukingoni, kuzunguka kreta na kurudi inazidi kilomita 13 kwenye vumbi la volkano lisilo na kivuli. Ukishaacha geti hakuna maji, basi lita tatu kwa mtu mzima si anasa. Kule Ngong upepo hukausha jasho kabla hujalihisi, watu wakadhani hawana kiu, na kichwa kinaanza kuuma wakiwa njiani kurudi. Kunywa kidogo kidogo kila robo saa, usingoje kiu.

Jasho likiwa jingi, maji matupu hayatoshi. Kula kitu chenye chumvi au changanya pakiti ya ORS. Soma pakiti kwanza, maana nyingi ni za lita moja kamili na nyingine za nusu lita.

Naweza kunywa maji ya mto?

Usinywe bila kuyatibu, hata yakiwa meupe kama ya Sanje. Kuna kosa linalojirudia hapa: vidonge vingi vya klorini vinavyouzwa madukani kwetu ni vya ndoo ya lita 20, na mtu hukitumbukiza kizima kwenye chupa yake. Tafuta vilivyoandikwa lita moja, subiri dakika 30 ndipo unywe. Maji yenye tope yachuje kwanza kwa kitambaa safi, kwa sababu tope huimaliza nguvu klorini.

Chupa au mfuko wa maji wenye mrija?

Mfuko wenye mrija humfanya mtu anywe mara nyingi bila kusimama, na uzito hukaa karibu na mgongo. Ubaya ni mawili: huoni kilichobaki, na ukipasuka unalowesha kila kitu. Ukiutumia, beba na chupa ya nusu lita ya akiba. Chupa ni rahisi kuosha na kujaza. Kabla ya kununua begi hakikisha mkono wako unaifikia chupa ya pembeni ukiwa umelivaa. Begi linalokulazimisha kulivua ili unywe litakufanya usinywe.

Kipi kikae wapi?

Vyepesi ambavyo huenda usivihitaji, kama sweta na soksi za akiba, viende chini. Vizito, yaani maji na chakula, vikae kati hadi juu kidogo, vikigusa mgongo. Uzito ukienda nje, mbali na mgongo, begi linakuvuta nyuma nawe unainama mbele kufidia. Kiuno kinachouma jioni huanzia hapo. Uzito ukikaa juu sana, kwenye mteremko wenye mawe utayumba.

Koti la mvua liwe juu kabisa. Mvua ya milimani haitakusubiri ufukue. Kwenye mfuko wa juu weka tochi, karatasi ya choo, dawa na kitambulisho. Simu iwe kwenye mfuko wa zipu unaoufikia, isiwe na chupa. Jaza mapengo kwa vitu laini ili vigumu visigongane, kisha kaza mikanda ya pembeni ya kubana begi. Ruka mara mbili papo hapo: ukisikia kitu kinacheza, panga upya.

Kona ya chombo cha chakula inayokuchoma mgongoni nyumbani itakuwa kidonda ikifika saa 8 mchana. Izungushie sweta.

Chakula gani kinastahimili kutwa begini?

Chapati, viazi vitamu na mihogo ya kuchemsha, mayai ya kuchemsha yasiyomenywa, karanga, kashata, tende, ndizi zisizoiva sana. Acha wali na chochote cha nazi. Joto la begi juani huchachusha tui kabla ya mchana, na wali uliopikwa usiku huweza kukuumiza tumbo bila hata kunuka. Nyama iwe kavu, au isiwepo.

Ndizi na mayai viwe ndani ya chombo kigumu. Parachichi lililoiva ni chakula bora cha mlimani, ila likipasuka begini mafuta yake hayatoki kwenye kitambaa.

Nguo gani za ziada, na mimi naishi joto la Dar?

Kila ukipanda mita 1,000 joto hushuka nyuzi 6 hivi. Toka Moshi hadi Mandara, mita 2,700, unapoteza nyuzi 11 au zaidi, kabla ya kuhesabu upepo na fulana iliyolowa jasho. Kwa hiyo: sweta nyepesi ya manyoya ya polista, koti la mvua lenye kofia, fulana ya kubadilisha na soksi. Jinzi na sweta nene ya pamba ziache, zikilowa hazikauki. Lushoto nako, hata Julai ukiwa umetoka pwani, asubuhi utaitafuta ile sweta.

Nizuieje mvua isiingie?

Kifuniko cha begi peke yake hakitoshi. Maji hushuka shingoni, yakapita kati ya mgongo na begi, yakaingia kwa nyuma ambako kifuniko hakifiki. Upepo nao hukipeperusha. Kinga ya kweli iko ndani: mfuko wa kukunja mdomo usiopitisha maji, wa lita 10 hivi, aina inayotumiwa na wazamiaji na waendesha boti. Weka humo sweta, fulana, simu na hati. Kunja mdomo mara tatu ndipo ufunge klipu. Ukikunja mara moja unavuja.

Masika, Machi hadi Mei, tumia vyote viwili. Mwavuli ni mzuri kwenye njia za migombani, lakini juu ya kilima chenye upepo hauna kazi.

Huduma ya kwanza iwe na nini?

Plasta za kutosha, bendeji pana ya kuvuta kwa kifundo kilichoteguka, gozi na plasta ya utepe, dawa ya kusafishia kidonda, kibano cha kutolea miiba, glovu, paracetamol na ORS mbili. Juu ya hayo, dawa zako mwenyewe: mwenye pumu asiache pampu garini. Malengelenge yazibwe kwa utepe pale ngozi inapoanza kuwaka, usisubiri yavimbe.

Watu husahau nini zaidi?

Tochi. Kwetu jua huzama kati ya saa 12 na saa 1 jioni mwaka mzima, na giza huingia upesi. Ukichelewa saa moja tu umo gizani msituni, simu ikiwa na chaji kidogo. Tochi ya kichwani ni bora, mikono inabaki huru.

Halafu kitambulisho. Kwenye hifadhi, kiingilio cha raia hutolewa kwa anayeonyesha kitambulisho, na kwenye hifadhi za Kenya malipo si ya taslimu, kwa hiyo hakikisha simu ina salio na chaji kabla ya kufika getini.

## Sheria na wanyama

Naruhusiwa kutumia mifuko ya plastiki kupangia vitu?

Mifuko ya rambo sahau. Kenya iliipiga marufuku 28 Agosti 2017, Tanzania 1 Juni 2019, na Rwanda iliwatangulia wote. Kenya iliongeza tarehe 5 Juni 2020: plastiki za kutumia mara moja hazikubaliki ndani ya hifadhi, misitu na fukwe zilizohifadhiwa, na hapo zimo chupa za maji za dukani. Fika na chupa ya kujaza tena, usijikute unamimina maji getini.

Gawanya vitu kwa vifuko vya kitambaa vya rangi tofauti. Taka zirudi kwenye chombo cha chakula kilichobaki tupu, pamoja na maganda. Ganda la ndizi au chungwa linafundisha nyani kufuata watu.

Nyani wakilifuata begi?

Chakula kiwe ndani ya chombo chenye mfuniko, zipu zimefungwa, hakuna kilichoning'inia nje. Nyani hujua sura ya mfuko mapema kuliko harufu. Usile chakula ukiwa umeliweka begi chini nyuma yako, lipakate. Akilishika usivutane naye, ana meno marefu kuliko ya mbwa. Rudi nyuma polepole bila kumkodolea macho.

Nimepata begi imara la mabaka ya kijeshi. Nilitumie?

Hapana, hata kama ni la nchi nyingine na umelinunua halali mtumbani. Kenya na Uganda raia haruhusiwi mavazi ya namna hiyo, na Tanzania mwezi Agosti 2023 jeshi la nchi hiyo (JWTZ) liliwapa raia siku 7 kusalimisha yanayofanana na ya jeshi. Usijiingize kwenye maelezo kwenye kizuizi cha barabarani kwa sababu ya begi. La kijani tupu au kaki linakubalika zaidi.

## Hali za pekee

Mtoto abebe begi lake?

Kuanzia miaka sita hivi, ndiyo: chupa ndogo, koti lake na kitafunwa, basi. Lisizidi sehemu ya kumi ya uzito wake. Mtoto wa kilo 20 abebe kilo 2 na si zaidi. Filimbi mfungie kwenye mkanda wa kifua na mfundishe kupiga mara tatu akipotea. Hesabu kwamba saa 8 begi hilo litakuwa kwako, basi acha nafasi.

Tukiwa kundi, kila mtu abebe kila kitu?

Maji, koti la mvua, tochi na dawa binafsi havigawanywi, maana kundi huachana. Huduma ya kwanza, pawabanki na chakula cha pamoja vinaweza kugawanywa, ila vifaa vya huduma ya kwanza vibebwe na anayetembea mwisho. Wenye shida huwa nyuma.

Begi hili litafaa kupanda Kilimanjaro siku kadhaa?

Kama begi lako la mchana, ndiyo, likiwa na lita 25 hadi 35. Mzigo mkubwa hubebwa na mpagazi, ambaye kikomo chake ni kilo 20. Jihadhari na usiku wa kileleni: maji kwenye mrija huganda. Weka chupa ya mdomo mpana, kichwa chini, maana barafu huanzia juu, na betri za simu ziwe mfukoni kifuani.

Begi linanuka, nilifue vipi?

Kung'uta mchanga, hasa kwenye meno ya zipu. Loweka kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo ya maji, sugua mikanda kwa brashi laini, suuza mara mbili, anika kivulini ukiwa umeligeuza. Mashine na sabuni ya unga yenye bleach huondoa kinga ya maji, na jua la saa 7 hufifisha nailoni. Ukungu upake siki iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji, acha saa moja, suuza. Usilihifadhi likiwa na unyevu, hata kidogo.

Zipu imeachia njiani, nifanyeje?

Ikipita bila kufunga, kichwa kimepanuka. Kirudishe mwanzo, kisha kibane kwa koleo dogo upande mmoja halafu wa pili, kidogo sana, ujaribu. Ukibana kwa nguvu kinavunjika. Ikigoma kusogea, paka nta ya mshumaa au sabuni kavu kwenye meno. Ikishindikana kabisa, pitisha pini za kufungia nguo kila sentimita tano, uzungushe kamba kulibana begi, na ulibebe mdomo ukiwa juu hadi ufike kwa fundi.